Hapana Yangu Ilivyovuka Kasindi

Nakumbuka vizuri, mwanangu, alasiri ile simu ilipokataa Kiswahili changu. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi la tatu katika ukumbi wa parokia yetu hapa Butembo, miwani puani, daftari magotini, nimekuja kujifunza Kiingereza. Usiniulize nilikuwa na miaka mingapi. Kwa hesabu ya ubatizo nilikuwa nimevuka hamsini na mvi zimeota. Kwa hesabu ya Kiingereza nilikuwa mtoto asiye na meno. Na kwa kuwa makosa yangu yalifuata hesabu ya pili, niruhusu niziite siku hizo ujana wangu.

Mimi ni katekista. Kwa miaka mingi, kwa neema ya Mungu, nimewaandaa watoto wa mtaa wetu kwa ubatizo na Komunyo ya kwanza, na nimezoea kuuliza maswali kuliko kuulizwa. Jina langu ni Kambale, kama ilivyo desturi yetu Wanande kumwita mtoto wa pili wa kiume. Darasani tulikuwa Kambale wanne, kwa hiyo mimi waliniita Papa Katekista. Mwalimu wetu alikuwa binti aitwaye Kyakimwa, ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha kufanya ishara ya msalaba. Sasa yeye ndiye aliyekuwa akinifundisha kuhesabu moja mpaka kumi. Dunia huzunguka, na anayezunguka nayo kwa upole haanguki.

Miezi miwili tulijifunza kwa ubao na chaki. Kyakimwa anasema, sisi tunarudia kwa sauti. Nilifurahi, maana ndivyo nilivyojifunza Kifaransa cha shule, na ndivyo wazee wetu walivyojifunza nyimbo za Kilatini. Kisha akaja na habari mpya: tuweke katika simu zetu programu ya kufundishia lugha. Wewe unasema neno kwa Kiswahili, simu inakusikia na kukupa Kiingereza chake, kisha inakusikiliza ukirudia.

Darasa likagawanyika. Wanaume wawili walifunga madaftari yao wakaenda zao, wakisema hawakuja parokiani kuongea na betri. Mama Kahambu, muuza vitenge, yeye alipiga makofi.

"Asante Yezu! Sasa nitajifunza kwa meza yangu ku soko. Bateja bakikosekana, miye na simu tunaongea."

Mimi sikupiga makofi wala sikuondoka. Nilibaki katikati, na katikati ndipo mtu anapochanganyikiwa zaidi. Moyoni niliona kwamba lugha hutoka katika kinywa chenye pumzi. Lakini nilimwogopa mwalimu, na kumwogopa mwalimu ni mwanzo wa kujifunza. Nikaifungua ile programu, nikaisogeza simu karibu na mdomo kama mtu anayeungama, nikasema sentensi iliyo wazi kama mchana: "Miye hapana kwenda ku soko."

Simu ikapaka maneno yangu rangi nyekundu.

Nikasema tena kwa sauti kubwa zaidi, nikidhani ni kiziwi. Nyekundu tena.

"Mwalimu," nikaita, "iyi simu iko na ugonjwa. Ninaisemesha muzuri, yenye inakataa."

Kyakimwa akainama akatazama. "Papa, haiko ugonjwa. Inasikia Kiswahili ya mu bitabu. Kwa yenye, ungesema 'siendi sokoni'. Ile 'hapana' yetu haiijue."

Mama Kahambu hakuniachia hata pumzi moja. "Eeh, mubone! Papa Katekista amekuja kutafuta Kiingereza, bamemurudisha mwaka wa kwanza ya Kiswahili!"

Ukumbi mzima ukacheka. Nami nilicheka, mwanangu, lakini kicheko cha meno tu. Kiswahili cha vitabu nakijua. Ndicho ninachosomea masomo katika Misa, na ndicho ninachokuandikia sasa. Ila nikifungua mdomo bila karatasi, kinachotoka ni kile cha nyumbani, kama maji yanavyofuata bonde. Niliwaza: mimi ninayesimama mbele ya waamini Jumapili nifundishwe Kiswahili na kitu cha kuchajiwa? Kuuliza si ujinga, wazee walisema. Hawakusema lolote juu ya kuulizwa na simu.

Hapo ndipo kosa langu lilipozaliwa. Nilipofika nyumbani niligundua kwamba chini ya ile rangi nyekundu pana swali dogo, na kando ya swali pana kitufe kilichoandikwa "endelea". Ukikibonyeza, simu inaacha ubishi na kukupa Kiingereza hata hivyo. Basi! Nikawa mtu wa "endelea". Kila nyekundu niliipita kama dereva anayepita kizuizi kisicho na mlinzi. Nilitoka katika kuikataa simu nikaingia katika kuimeza nzima, bila kutafuna. Ndani ya wiki chache nilikuwa na kurasa na kurasa za Kiingereza, na nikaanza kujisifu. Nilimpigia hata binti yangu Kavira aliyekuwa Beni, nikamwambia, "Papa yako anaandika Kiingereza kama balozi."

Kavira ni binti yangu wa pili. Wakati huo alikuwa mshonaji, akiishi Beni karibu na njia ya Mavivi kwa shangazi yangu Masika, dada ya marehemu baba. Kwa Kinande shangazi wa namna hiyo tunamwita songali, na jina hilo si la mchezo. Songali akisema kaa, unakaa. Huko Beni Kavira alikuwa amefahamiana na kijana mmoja wa Bwera, katika nchi jirani ng'ambo ya mpaka wa Kasindi, aliyekuwa akileta mizigo kwa lori. Aliitwa Bwambale. Ukitaka kujua ni jina la namna gani, ni Kambale hilohilo: kule kwao, kwa Wakonzo, mtoto wa pili wa kiume huitwa Bwambale. Niliambiwa hivyo, nikatikisa kichwa, nikalisahau. Kijana alikuja nyumbani mara moja, akasalimia kwa mikono miwili, akala chakula bila kuchagua. Nilimpenda.

Baadaye ikaja barua ya ukoo wake. Iliandikwa na baba yake mkubwa, mzee Baluku, mkuu wa shule aliyestaafu. Ilipigwa kwa mashine, ikagongwa mhuri, na ilikuwa kwa Kiingereza tupu. Nilikaa nayo siku tatu na kamusi. Mwishoni iliuliza swali la heshima, kama desturi inavyotaka kabla watu hawajapanga safari ya posa: je, kuna kizuizi chochote upande wenu? Je, mnamkataa mtoto wetu kwa sababu yoyote?

Mwanangu, nilijua, kama kila mtu hapa anavyojua, kwamba mtu wa Butembo na mtu wa Bwera wakikutana sokoni Kasindi wanasalimiana bila mkalimani. Lugha yao na yetu ni dada wawili walioolewa mbalimbali. Ningeweza kuandika kwa Kinande, wakasoma wote mpaka bibi wa jikoni. Lakini barua ile ilikuwa na mhuri! Niliona aibu kumjibu mkuu wa shule kwa lugha ya kuchungia mbuzi. Nikachukua simu, nikaisemesha kwa moyo mweupe kabisa:

"Siye hapana kataa mutoto wenu. Mutoto wenu ni mutoto wetu."

Nyekundu ikawaka. Swali dogo likatokea. Nikabonyeza "endelea".

Usidhani sikuhakikisha. Nilivaa miwani nikakagua neno kwa neno. Neno fupi la Kiingereza la "hapana" lilikuwapo. Neno la "kataa", ambalo linafanana na la Kifaransa, lilikuwapo, tena limefuata palepale nilipoliweka. Mtoto alikuwapo mara tatu. Nikaona yote yamepangwa kama nilivyoyasema. Nikanakili mara mbili kwa mkono wangu mzuri, ule ninaoandikia vyeti vya ubatizo, nikaweka karatasi ya pili kwenye daftari kama ukumbusho, ya kwanza nikampa dereva anayekwenda Kasindi. Jumapili ile niliimba kwa sauti mpaka kiongozi wa kwaya akageuka kunitazama.

Wiki ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Nikasema haraka haraka haina baraka, wakubwa wanashauriana. Wiki ya tatu Kavira akapiga simu. Alikuwa akilia.

"Papa, juu ya nini unaniharibia ndoa?"

"Miye? Nimeharibu nini?"

"Bwambale amesema kwao hapana mutu anataka kusikia jina yetu tena. Eti uliandika bakatae mutoto yabo."

"Kavira, miye niliandika hapana kataa! Niko na karatasi apa mu mukono."

"Basi soma."

"Ninasoma. Iko vilevile."

"Basi ni nani anasema bongo, ni nani anadanganya, Papa? Weye, ao baba yake mukubwa?"

Nilisoma karatasi ile mara tatu, nikiwa nimesimama, nikiwa nimekaa, na mara ya mwisho mbele ya msalaba. Kila mara niliona maneno yaleyale mema. Nilianza kushuku kwamba mzee Baluku hakutaka binti wa Kongo tangu mwanzo na alikuwa akitafuta sababu. Unaona mahali mtu anapofika? Nilimhukumu mtu nisiyemjua, kwa sababu kile ambacho sikukielewa nilikuwa nimekiandika mwenyewe.

Nilikwenda kwa Kyakimwa. Alisoma mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mganga anayeuliza umekula nini jana.

"Papa, uliambia simu namna gani?"

Nikamwambia.

Akaweka kidole juu ya karatasi. "Angalia apa, kisha ya 'hapana'. Unaona aka kanukta?"

Nilikuwa nimekiona. Nilidhani ni uchafu wa kioo, nikakinakili kwa utii tu.

"Kwa simu, 'kataa' peke yake ni amri, kama 'kula', kama 'kimbia'. Haikujua 'hapana kataa' yetu. Donc imekata katikati. Umebaambia hivi: 'Sisi, hapana. Mkataeni mtoto wenu. Mtoto wenu ni mtoto wetu.'"

Niliketi chini, mwanangu, juu ya lile benchi la wanafunzi. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nilikuwa nimejikwaa kwa ulimi wa kuazima.

"Mais Papa," akasema, akitafuta namna ya kunihurumia, "simu ilikuuliza. Kila mara inaweka nyekundu inauliza: ulitaka kusema hivi ao hivi? Ulijibu nini?"

"Nilibonyeza endelea."

Hakucheka. Ningependa angecheka.

Alijitolea kuniandikia barua nyingine ya Kiingereza kizuri. Nikakubali, lakini nikaona nipitie kwanza Beni, nikamtulize binti yangu kwa uso wangu. Nikashuka kesho yake. Ukishuka kutoka Butembo unaacha baridi ya kwetu, na kufika Beni koti linakuwa mzigo. Mimi mzigo wangu ulikuwa tayari ndani. Kavira alinikaribisha maji, hakunikaribisha neno. Songali Masika alikuwa uani akichambua maharage, macho yake hayaoni vizuri lakini vidole vyake vinajua kila jiwe.

"Kambale, kaa."

Nikakaa.

"Bameniambia. Sasa unataka kufanya nini?"

"Songali, nitaandika barua ingine. Iyi mara mwalimu ataangalia yeye mwenyewe…"

"Ya kwanza haikutosha?" Akaweka ungo chini. "Ule mutoto anaitwa nani?"

"Bwambale."

"Na weye?"

"Kambale."

"Baba yake mukubwa?"

"Baluku."

"Na kaka yako mukubwa, mwenye tulizika?"

Nikasema polepole, "Paluku."

"Bon. Banaita batoto yabo kama siye. Banapanda maharage kama siye. Banalilia bafu yabo, benye bamekufa, kama siye, kwa maneno yaleyale. Na weye, Kambale, unajifunza luga ya bageni juu ya kuongea na bandugu?"

Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa. Nilikuwa nimelihubiri neno hilo kwa vijana mara nyingi. Siku hiyo nililisikia kwa mara ya kwanza.

Songali hakukataa simu, na hili nataka ulishike. Alimwambia Kavira, "Lete iyo kintu," akaomba apigiwe Bwera, kisha akaomba apewe mwanamke mzee kuliko wote katika nyumba ile. Akapewa mama yake mzee Baluku. Wakaongea Kinande, mmoja kwa sauti ya huku, mwingine kwa sauti ya kule, inayopanda kidogo mwishoni. Hawakuanza na barua. Walianza na mvua, maharage na miguu inayouma. Kisha songali akasema, "Kijana wetu Kambale alitaka kuwaambia kwamba hatumkatai mtoto wenu, akapotea njiani." Nikasikia ule upande wa pili mtu akicheka mpaka akakohoa. Kavira aliyekuwa amesimama mlangoni alijifunika uso kwa kitenge alichokuwa akishona.

Watu wa Bwera walikuja Beni baada ya mwezi mmoja, nasi tukawachinjia mbuzi wa kuomba msamaha. Mzee Baluku alikuwa mtu mpole, mwembamba, mwenye kalamu mfukoni. Tulipokwisha kula alinivuta kando.

"Ndugu yangu, nieleze," akaniambia kwa lugha yetu. "Tulikaa na barua yako jioni tatu. Tulisema: mtu huyu anatuamuru tumkatae mtoto wetu, kisha anasema mtoto ni wake. Anataka kutunyang'anya?"

Nilimwomba radhi, kisha nami nikamuuliza lililonikaa moyoni: kwa nini alituandikia kwa Kiingereza tangu mwanzo?

Alitazama viatu vyake. "Bwambale alisema baba wa binti anajifunza Kiingereza, anaandika kama balozi. Tukaogopa kwamba ukipata barua ya Kikonzo utatuona washamba. Mimi nimezoea kufundisha hesabu, barua za namna ile siziwezi. Mjukuu wangu aliitengeneza kwa simu, mimi nikaipiga kwa mashine tu."

Basi, mwanangu, hebu nisaidie kuelewa, maana mimi mpaka leo sijaelewa vizuri. Wazee wawili wa lugha moja, kila mmoja kwa kumheshimu mwenzake, wanaandikiana kwa lugha ambayo hakuna anayeimudu, kwa kinywa cha chombo ambacho hakuna aliyekiuliza kitu. Nani alikosa? Nimemlaumu Baluku, nikamwacha. Nimeilaumu simu, nikaiacha. Kila nikitafuta mwenye kosa nafika kwenye kile kitufe nikakuta alama ya kidole changu. Hata hivyo siwezi kusema laiti nisingejifunza. Isingekuwa darasa lile nisingejua jinsi ninavyoongea, kwa kuwa samaki wa ziwani Kyavinyonge hajui kwamba amelowa.

Kavira na Bwambale walifunga ndoa. Binti yangu alinisamehe, lakini polepole, kama jeraha linavyofunga kutoka ndani. Kwa muda mrefu nikimpigia simu alikuwa akiuliza kwanza, "Papa, iyi maneno umeifikiri?" Nilistahili.

Nami nilirudi darasani. Nilikiri yote mbele ya wenzangu, na Mama Kahambu alinicheka wiki nzima, nikamshukuru Mungu kwa ajili yake, maana anayekucheka usoni hakusengenyi mgongoni. Bado najifunza. Bado simu inanipaka nyekundu. Ila sasa nikiona rangi ile nasimama, nasoma lile swali dogo mpaka mwisho, nalijibu kama nilivyowafundisha watoto kujibu: kwa ukweli, bila haraka. Mara nyingine simu ndiyo yenye haki. Mara nyingine mimi ndiye, na yenyewe haijui kwamba duniani pana watu wanaosema "hapana" kwa namna yetu. Siku hizo nampelekea Kyakimwa, tunakaa watatu, yeye, mimi na simu, tunatafuta.

Kwa hiyo nakuusia hivi. Kifaa kipya cha elimu kikija usikikimbie kama wale waliofunga madaftari yao, na usikimeze kama nilivyokimeza mimi. Kipokee kama mgeni: mkalishe, msikilize, na akikuuliza swali usimwambie aendelee na safari. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama mbele ya chombo kinachokusahihisha hakukupunguzii mvi hata moja. Lakini neno ambalo maisha ya mtu mwingine yananing'inia juu yake, usilitume kabla mwenye pumzi hajalisikia na kukuambia amesikia nini. Na unapokuwa na ndugu yako, ongea naye kwa lugha mliyonyonya pamoja. Jifunze za wageni ili uwafikie wageni. Ndugu ameshafika.

Mungu wetu, anayetusikia tunapoomba vibaya na kutuelewa hata hivyo, akupe moyo usioona haya kujifunza ukubwani. Akupe walimu wadogo kuliko wewe na akupe unyenyekevu wa kuwaita mwalimu. Maneno yako yafike kama yalivyotoka moyoni. Na yakipotea njiani, akuinulie mtu mwenye upendo wa kuyarudisha nyumbani. Amina, mwanangu.